Shimo Katika Anga Tulivu

Wengi wetu tuliokwisha kuvuka makamo tunaikumbuka redio ya mawimbi mafupi iliyokaa sebuleni. Usiku ukiingia, stesheni za nchi za mbali zilisikika vyema kuliko mchana. Mawimbi yale yalipanda angani, yakakuta tabaka lenye chembe za umeme, yakarudishwa chini. Tabaka hilo huitwa ionosfia, nalo huanza takriban kilomita 80 juu ya vichwa vyetu.

Mtoto akiuliza chembe hizo zatoka wapi, tumjibu kuwa ni kazi ya jua. Mionzi yake ya urujuanimno huzipiga atomi za hewa na kuzibandua elektroni. Jua likizama, elektroni huanza kurejea zilikotoka, na tabaka hupungua. Kwetu karibu na ikweta, usiku ni wa saa 12 tu, kisha akiba hujazwa upya. Lakini kwenye ncha za dunia, majira ya baridi huleta giza la wiki nyingi, hata miezi. Anga ya huko huishi kwa nini?

Sehemu kubwa huishi kwa kuletewa. Upepo wa jua unapousukuma usumaku wa dunia, elektroni huchukuliwa kutoka upande wa mchana, zikavushwa juu ya ncha hadi upande wa usiku. Usumaku ukichafuka, msafara huo huenda mbio, na chembe hufika zikiwa bado nyingi. Usumaku ukitulia, msafara hujikokota. Chembe hukawia gizani na kupotea njiani, wala hapana cha kuzifidia. Ndipo shimo hufanyika.

Mwaka 1978, wanasayansi Brinton, Grebowsky na Brace walilieleza shimo hilo kutokana na vipimo vya setilaiti ya Marekani, Atmosphere Explorer C, iliyorushwa Desemba 1973. Katika kimo cha kilomita 300, elektroni zilikuwa zimeshuka hadi takriban 200 katika kila sentimita moja ya ujazo. Penye jua, kimo hicho huweza kuwa na laki kadhaa.

Pengine msomaji atauliza, hayo yatuhusu nini? Zipo ndege za abiria kati ya Amerika ya Kaskazini na Asia zinazopita karibu na Ncha ya Kaskazini. Setilaiti zilizotulia juu ya ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi, hazifikiki vyema kupita latitudo ya 82, na kwa muda mrefu rubani wa huko ameitegemea redio ileile ya mawimbi mafupi. Elektroni zikiadimika, wimbi ambalo lingerudishwa ardhini hupenya na kupotelea angani, naye hana budi kutafuta masafa ya chini zaidi.

Tumezoea kusikia hadhari za dhoruba za jua, na ni haki, kwani nazo huvuruga mawasiliano. Lakini shimo hili halingoji dhoruba; laja anga iliposhusha pumzi. Mwenye kupima siku za msukosuko peke yake hatalikuta. Basi kijana wetu anayependa sayansi asiidharau siku ambayo sindano ya kipimo haitikisiki: siku hiyo nayo ina habari yake, na huenda kuna rubani anayeingojea.