Mbwa Hana Tumbo la Chuma

Katika malupango ya Buluo, huko Likasi mkoani Haut-Katanga, unga ulioota kuvu hautupwi kirahisi. Unapepetwa, unaanikwa juani, kisha unasongwa bukari ya mbwa. “Mbwa anakula kila kitu,” watu husema. Si kweli, na mbwa wanakufa kwa sababu ya maneno hayo.

Ushahidi hauko mbali. Agosti 2024, ng’ambo ya mpaka, Waziri wa Afya wa Zambia, Elijah Muchima, alitangaza kwamba mbwa wapatao 400 wamekufa baada ya kula unga wa mahindi wenye aflatoksini, yaani sumu inayotolewa na kuvu. Karibu nusu ya sampuli zilizopimwa kutoka kampuni 25 za kusaga zilikuwa nayo. Ni Zambia hiyohiyo inayoilisha Haut-Katanga mahindi na unga.

Jua haliiondoi sumu hiyo, wala moto wa makala. Unga unaweza kuonekana safi baada ya kupepetwa na bado ukaliharibu ini. Mbwa huanza kususia chakula, hutapika, fizi na macho huwa ya manjano, na mara nyingi mwenye lupango husema amerogwa au amelishwa sumu na jirani.

Anayedhani mbwa ni imara kuliko mtu akumbuke Machakos, Kenya, mwaka 1981. Familia zilizokula mahindi yaliyooza zilisimulia kwamba njiwa walikufa kwanza, wakafuata mbwa, kisha watu. Wagonjwa 20 walilazwa, 12 wakafariki.

Mchuzi nao una hatari yake. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumdhuru, na kitunguu saumu ni kikali zaidi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Kumlisha vizuri hakuhitaji pesa nyingi. Bukari ya unga mzuri, viazi vitamu au boga vilivyochemshwa bila chumvi, yai lililoiva, nyama iliyotengwa kabla vitunguu havijaingia chunguni: hivyo vinamfaa.

Unga wenye kuvu usipewe mbwa, wala kuku. Ufukieni shimoni, mbali na wanyama.