Mnyoo Aliye Msaidizi wa Shamba

Miaka mingi nimefundisha katika vijiji vya Kasongo na Kabambare kwamba minyoo ni adui: chimba choo, vaa viatu, nawa mikono. Neno hilo sitaligeuza. Lakini leo nataka kumtetea mnyoo mmoja.

Yeye hukaa udongoni, na urefu wake ni kama nusu milimita tu. Tumboni mwake amebeba bakteria. Akimpata kiwavi, humwingia kwa kinywa au kwa matundu ya kupumulia, kisha huwatoa bakteria wale katika damu yake. Kiwavi hufa kwa muda wa siku moja au mbili. Ndipo bakteria huilainisha nyama yake, na mnyoo hula na kuzaa humo. Baada ya wiki mbili hivi, watoto wake hutoka kwa maelfu, kila mmoja na bakteria wake, kutafuta kiwavi mwingine. Bakteria humpikia mnyoo, na mnyoo humbeba bakteria.

Kwa nini muuguzi aandike habari za shamba? Kwa sababu ya chupa. Kiwavi jeshi wa mahindi, aliyetoka Amerika, alionekana Afrika mwaka 2016, na watu wakaanza kutafuta sumu ya kumnyunyizia. Huinunua sokoni katika chupa ya bia, bila jina, nao huiweka chini ya kitanda. Nimepokea usiku mtoto anayetoka povu mdomoni, mboni zake ndogo kama tundu la sindano. Yule alipona. Mwingine hakupona.

Huko Rwanda, watafiti waliwachanganya minyoo hawa na ute mzito usiokauka upesi, wakautia katika moyo wa mmea wa muhindi, na viwavi jeshi wakapungua. Minyoo hawa hawashambulii watu wala mbuzi. (Akina mama huniuliza kama watawaua viwavi tunaokula. Sidhani, maana wale hukaa juu mitini, na jua humwua mnyoo huyu upesi.)

Basi nawaambia maagronomo wetu: Rwanda si mbali. Ni kweli, minyoo hawa wataka ubaridi na unyevu njiani, na barabara zetu mwazijua. Lakini sumu imepata njia ya kufika Kabambare.

Wakati tunangoja, waokote viwavi kwa mkono asubuhi na kuwaponda. Na chupa ile, mama, itoe chini ya kitanda leo.