Besi Haidai Buti Lako

Kuna imani iliyokita mizizi Eastlands, kuanzia Jericho hadi Kayole, kwamba gari likitaka kupiga besi ya maana lazima buti liende. Kijana ananunua Vitz, Demio ama Fielder, na kabla hajabadilisha hata oili anaambiwa achague kati ya mzigo na muziki. Anachagua muziki. Anafungiwa boksi la mbao lenye wufa mbili za inchi 12, limevikwa kapeti nyeusi na kujaa ukuta hadi ukuta. Tangu siku hiyo mtungi wa gesi unasafiri kwenye kiti cha nyuma pamoja na watoto. Imani hiyo ni ya uongo, na anayeilipia kila siku ni familia.

Tuanzie ilikotoka. Besi tulifunzwa na matatu. Aliyekulia kando ya Jogoo Road anajua jinsi kifua kilivyotikisika kabla gari halijaonekana. Manyanga za miaka ya tisini, na nganya za Buruburu na Umoja zilizozifuata, ndizo zilizotutia hamu ya kutaka gari dogo lipige vile vile. Tatizo ni kwamba tuliiga sauti bila kuuangalia ufundi. Panda nganya uchunguze wufa zimekaa wapi. Utazikuta chini ya viti, nyuma ya kiti cha mwisho na ndani ya kuta. Matatu ya abiria 14 haina buti la kutolewa sadaka, na tangu sheria za matatu zinazoitwa za Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, kila kiti kimehesabiwa na kila kiti ni nauli. Mwenye gari hawezi kukubali kiti king'olewe ili spika ikae. Basi fundi wa matatu alilazimika kuitafutia wufa nafasi isiyoingiza pesa, na akaipata. Hao tunaowaiga hawakuwahi kuuza nafasi yao ya kazi. Tuliouza ni sisi.

Na buti la gari la Eastlands ni nafasi ya kazi. Wakati wa korona mwaka 2020, watu wengi waliopoteza ajira walifungua biashara kwenye buti. Waliegesha kando ya barabara, wakainua mlango wa nyuma na kuuza mayai, parachichi na nguo. Wengine wanafanya hivyo hadi leo. Anayefungua kibanda Mutindwa hupitia Marikiti au Gikomba alfajiri kuchukua bidhaa. Dereva wa teksi za simu, kazi iliyoshika kasi Nairobi tangu Uber ilipoingia mwaka 2015, ana uwanja wa ndege wa JKIA papo hapo Embakasi, na abiria wa uwanja wa ndege ana masanduku. Akifungua buti na kukuta boksi, anatafuta gari jingine. Disemba ikifika tunakwenda ushago na shopping, tunarudi na mahindi na kuku. Mwenye boksi humwomba jirani ambebee mzigo.

Watetezi wa boksi kubwa husema fizikia iko upande wao. Haiko, angalau si kwa namna wanavyodhani. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Noti ya besi inayotetema mara 40 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 8 na nusu. Ndani ya Vitz, toka kioo cha mbele hadi cha nyuma, hata mita 3 hazifiki. Wimbi hilo haliwezi kujinyoosha humo, kwa hiyo wufa hubana na kuachia hewa yote ya chumba kwa pamoja, na shinikizo hilo huinua besi ya chini kwa kiasi ambacho sebule ya Donholm haiwezi kukupa. Boksi dogo lililofungwa pande zote hupoteza nguvu kadiri noti zinavyoshuka, na chumba cha gari hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Ukitaka ushahidi, cheza wimbo wenye besi nzito ukiwa umefunga madirisha, kisha ufungue mawili. Utasikia besi ya chini ikibadilika bila kugusa kitufe chochote. Kwa hiyo anayepima boksi la gari kwa kipimo cha spika za ukumbini anapima kitu kingine kabisa.

Wala wazo la boksi dogo si jipya. Mwaka 1954, mjini Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research na kutengeneza spika ya AR-1. Zama hizo aliyetaka besi nyumbani alinunua kabati kubwa. Villchur alilifunga boksi lisipitishe hewa, akaiacha hewa iliyo ndani iwe ndiyo springi inayoirudisha wufa mahali pake. Kwa njia hiyo spika ya kukaa kwenye rafu ikatoa besi iliyoyashinda makabati mengi. Ni miaka 70 na zaidi sasa, lakini huku kwetu kabati bado linauzwa kana kwamba hakuna lililobadilika.

Nakubali kwamba udogo una gharama yake. Anton Hofmann, ambaye H ya jina lake imo katika kampuni ya KLH iliyoanzishwa mwaka 1957, alieleza kanuni ambayo mafundi wa spika huifuata hadi leo: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua mawili. Boksi kubwa lenye tundu hupiga kwa nguvu zaidi kwa kila wati, na anayetaka kushindana kwa kelele atalihitaji. Ila siku za Hofmann wati zilikuwa ghali. Leo amplifaya isiyozidi ukubwa wa kitabu inatoa wati 500. Kilichoadimika Eastlands ni nafasi, na mwenye akili hulipa kwa kilicho rahisi ili aokoe kilicho adimu.

Angalia vipimo vyenyewe. Wufa mbili za inchi 12 kwenye boksi lenye tundu humeza lita 100 na ushei, yaani jerikani tano za maji. Wufa moja ya inchi 10 kwenye boksi lililofungwa, aina nyingi, hutosheka na lita 15 hadi 20: jerikani moja. Hiyo jerikani moja fundi wa faibaglasi anaweza kuifinyanga ikae kwenye ile kona iliyo nyuma ya tairi, ambako hakuna gunia linaloingia. Njia ya pili ni wufa za kina kifupi zinazolala chini ya sakafu ya buti. Ya tatu ni zile zilizoundwa kukaa ndani ya rimu ya tairi ya spea, kama BassPro Hub ya JBL, na spea ikabaki mahali pake.

Ya nne ndiyo ninayowapendekezea wenye magari madogo: wufa ya chini ya kiti yenye amplifaya yake ndani. Pioneer na Kenwood wanazitengeneza, na nyingi zina kimo cha sentimita 7 hivi. Kabla ya kulipa, chukua futi uingie chini ya kiti cha abiria. Pima toka kapeti hadi chuma cha chini kabisa cha kiti. Sogeza kiti mbele hadi mwisho, kisha nyuma hadi mwisho, uone reli zinapita wapi na waya za kiti zinalegea kiasi gani. Mkalishe mtu nyuma uone miguu yake inaishia wapi. Kama gari lako liliwahi kuingia maji barabara zilipofurika, mwambie fundi aiinue wufa juu ya kapeti kwa kibao. Wala usihofu kwamba sauti itatoka miguuni. Chini ya mitetemo 80 hivi kwa sekunde sikio hupata taabu kujua besi inatokea upande gani.

Mara nyingi lawama inayotupiwa boksi dogo ni ya ufungaji. Amplifaya ya wati 500 huvuta ampea 40 na zaidi inapokazwa, na waya mwembamba huila nguvu hiyo njiani. Chanya na hasi zikigeuzwa, wufa inasukuma wakati spika za milango zinavuta, na besi inajiua yenyewe. Zibadilishe usikilize tena, haikugharimu kitu. Na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, la sivyo waya ukichubuka unaweza kuwaka.

Kwa hiyo ukienda Luthuli ama Kirinyaga Road, usikubali boksi lililokwisha kutengenezwa kabla gari lako halijaonekana. Muulize fundi wufa hii inataka lita ngapi, waya ni wa unene gani, na boksi litakaa wapi bila kugusa nafasi ya mzigo. Akikujibu kwamba besi bila buti haiwezekani, amekuambia mpaka wa ujuzi wake. Toka hapo, ukampe pesa zako fundi anayetembea na futi.