Neno Linalomchutamisha Mwenyeji

Kesi ya ardhi ikizuka Mombasa bara, iwe Mtongwe, Mishomoroni au Chaani, chifu, wakili, mwanasiasa na mtangazaji wote hulitamka neno moja bila kusita: skwota. Hata mzee aliyezaliwa chini ya mwembe wa babu yake hujiita hivyo mbele ya kamera. Afadhali neno hilo lichunguzwe nasaba yake, maana linawaponza watu.

Limetokana na kitenzi cha Kiingereza "squat", ambacho maana yake ya kila siku ni kuchutama. Waingereza walikipata kwa Wafaransa wa kale, waliosema "esquatir" wakikusudia kubana au kubonyeza kitu hadi kikawa bapa. Nyuma yake kuna Kilatini "cogere": kukusanya, kusukuma pamoja, kushurutisha. Warumi walikitumia kwa mifugo, na hata kwa maziwa yanapoganda. Nacho kimeundwa kwa "co-", yaani pamoja, na "agere", kuswaga. Shinani mwa neno, basi, yumo mtu aliyesukumwa. Mvamizi alikuja baadaye sana.

Maana ya kukalia ardhi bila idhini ilishika Marekani mwishoni mwa karne ya 18. Australia nayo ikalipindua neno: katika karne ya 19 wafugaji wakubwa wa kondoo walijitwalia malisho ya serikali, wakaitwa kwa jina hilohilo, na badala ya kufukuzwa wakawa matajiri wenye kauli. Kenya mambo yalikuwa mengine. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1918 ilimtaka Mwafrika anayeishi katika shamba la mzungu amfanyie kazi siku 180 kwa mwaka. Kilatini cha kushurutisha kikawa kimerudi, na joho la sheria juu yake.

Pwani ina kisa chake. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimwamuru kila mwenye madai katika ukanda wa maili 10 ajitokeze kuyathibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya serikali. Wamijikenda wengi, waliolima kwa haki ya ukoo, hawakuambulia hati. Karatasi ikawakuta kwao, ikawafanya wageni.

Lakini si kila aitwaye skwota ana kisa hicho, na hapa ndipo neno linapodhuru. Likoni kuna shamba la Waitiki, ekari 930, lililokaliwa na watu baada ya machafuko ya 1997. Serikali ililinunua, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akagawa hati. Kisauni na Changamwe kuna maelfu wenye nyumba bila ardhi: kuta na bati ni zao, kiwanja ni cha mwingine, nao humlipa kodi ya ardhi. Huyo ni mpangaji! Kumweka kapu moja na aliyeruka ua jana usiku ni kumnyima hoja yake kabla hajafungua kinywa.

Sheria yenyewe inawatofautisha. Aliyekalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi kwa miaka 12, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Mlipa kodi ya ardhi hana njia hiyo, kwa kuwa amekaa kwa ruhusa; ngao yake ni risiti zake. Wala njia hiyo haipiti katika ardhi ya umma. Na tangu marekebisho ya 2016, hata anayekaa kinyume cha sheria anastahili ilani ya maandishi ya miezi 3 kabla ya kuondolewa.

Kwa hiyo waandishi wa habari na waache uvivu. Waulize kwanza: huyu ni mpangaji wa kiwanja, ni mrithi wa ukoo asiye na hati, au ni mvamizi? Kisha waandike hivyo. Wanasiasa nao, wanaolipenda neno hili kila uchaguzi ukikaribia, waambiwe wataje namba ya kiwanja na jina lililo kwenye hati. Wenye nyumba wazitunze risiti za kodi ya ardhi, hata zile kuukuu zilizoandikwa kwa mkono, na asitie sahihi mtu karatasi inayomwita skwota kabla ya kusomewa na anayeijua sheria. Tingatinga likifika Shika Adabu, huko Likoni, alfajiri, ofisa aliyelileta aulizwe ilani ilitolewa tarehe gani, na ni nani aliyeipokea.