Hata Hii ni Mbuzi!

Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa picha za ukutani. Nyie mnazijua. Ukishuka Rangi Tatu utazikuta zimetandazwa chini, karatasi kubwa za kung'aa: ei fo epo, bi fo bol, mpaka zed fo zebra. Mzazi anatoa hela yake ya jasho, anaibandika sebuleni, na mgeni akija mtoto anasimamishwa aimbe. Anaimba kweli. Wageni wanapiga makofi, soda inaletwa.

Mimi nasema huyo mtoto hajafundishwa neno hata moja.

Msinirukie. Nakaa Charambe, nimemaliza kidato cha nne, na wakati nasubiri riwaya yangu ikamilike (niko daftari la tatu, msiniulize zaidi) nafundisha tuisheni jioni kwenye baraza la shangazi. Ninao watoto 11, wa miaka minne mpaka saba. Siku moja nilimwonyesha mmoja wao ile picha ya epo huku nimefunika maandishi. Akasema "ei". Nikamwonyesha epo lenyewe, la kweli, nililolinunua kwa muuza matunda. Akasema nyanya. Kwake yeye ile picha si tunda kabisa, ni mwanzo wa wimbo.

Kuoanisha neno na picha ni njia nzuri, siipingi hata kidogo. Ila ina mpangilio wake. Kwanza kitu kijulikane, kiwe kimeshikwa, kimeliwa au kimemng'ata mtu. Kisha jina litoke mdomoni. Ndipo maandishi yaje kukaa chini ya picha. Hapo mtoto anabaki na kazi moja tu mpya, nayo ni maandishi. Sasa wewe unampa tunda asilolijua, kwa lugha asiyoisema, kwa herufi asizozisoma. Mageni matatu kwa mpigo! Hata mtu mzima hapo angeimba tu.

Na haya wala si maneno ya kijiweni. Mwaka 1658, mjini Nuremberg, Ujerumani, kilichapwa kitabu cha Comenius kiitwacho Orbis Pictus, ambacho wengi wanakihesabu kuwa mama wa vitabu vya picha vya kufundishia watoto. Lengo lilikuwa Kilatini, yaani ingilishi midiamu ya enzi zile. Lakini vitu ndani ya picha vilipewa namba, na maneno yakapangwa kwa lugha mbili sambamba: Kilatini, na Kijerumani cha nyumbani kwa mtoto. Zaidi ya miaka 360 iliyopita Mzungu mwenyewe alishajua kwamba mtoto hapandi ghorofani bila kupita mlango wa kwao. Sisi mlango tumeung'oa, halafu tunalipia ada.

Wapo watakaosema: basi itafsiri ile karatasi, epo iwe tufaha, bol iwe mpira, yaishe. Hilo nalo limeshafanywa, na ndilo linalonipandisha hasira zaidi. Kiswahili hakikai kwenye kiatu cha mwenzake. Kiingereza kikitaka vitu viwe vingi kinagusa mkia wa neno, sisi tunagusa kichwa. Kiti, viti. Jicho, macho. Ulimi, ndimi. Umemfundisha mtoto kwamba K ni kiti, kesho anakutana na viti vitatu, hiyo K yako imekwenda wapi? Mimi nachora kadi mbili mbili: kiti kimoja na viti vitatu, mti mmoja na miti mitatu, na ule mwanzo unaobadilika nauandika kwa kalamu nyekundu. Kadi zenyewe ni maboksi ya biskuti niliyoyakata. Wiki haikwisha walikuwa wameshika, maana mdomo ulishajua siku nyingi. Mimi nilikuwa nayapa macho taarifa tu.

Halafu kuna haya maneno yetu yenye vituko. Kuna shule moja ya chekechea, siitaji, ilitoa zoezi: neno limeandikwa, mtoto achore kitu chake pembeni. Neno lilikuwa mbuzi. Binti mmoja wa kwangu, ambaye mama yake anauza wali wa nazi na maharage, akachora mbuzi. Kibao cha kukalia, miguu inayokunjwa, na ule ulimi wa chuma wenye meno. Aliichora vizuri kuliko ningeichora mimi. Mwalimu akapiga mkasi mwekundu, karatasi nzima. Mtoto akaja barazani amevimba uso: "Anko, kwani hii si mbuzi?"

Ni mbuzi! Hata hii ni mbuzi! Tena ndiyo anayoiona kila alfajiri, yule wa majani anamwona Idi kwa Idi. Na siyo hiyo tu. Kaa la moto na kaa wa baharini, paa la nyumba na paa wa porini, ua la bustani na ua wa nyuma ya nyumba. Hapo ndipo picha inapofanya kazi ambayo maandishi peke yake hayaiwezi. Mwalimu aliyekuwa na akili ya kuuliza angepata somo la wiki nzima kwenye ile karatasi. Yeye akaona kosa.

Nisieleweke vibaya, ba be bi bo bu siitupi. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, silabi zinampa mtoto ufunguo wa kusoma kila kitu. Ndiyo raha yake na ndiyo hatari yake. Nimekutana na mtoto wa darasa la pili anatiririka ukurasa mzima kama redio, ukimuuliza mfereji ni kitu gani anakutazama. Anasoma, haelewi. Na upande wa pili wapo wanaosoma picha badala ya neno: ondoa picha, wamekwama. Dawa yake ni ndogo. Weka picha ya paka, chini yake tandaza kadi tatu: pipa, papa, paka. Hapo jicho halina ujanja, lazima lipite ndani ya neno.

Sasa nageukia kwetu, waandishi chipukizi, maana lawama hii ni yetu pia. Kati ya 2017 na 2019 watoto wa vijiji vya mkoa wa Tanga walipewa kompyuta za mkononi zenye masomo ya Kiswahili, kwenye shindano la Global Learning XPRIZE. Mwaka 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion ya London, wakagawana dola milioni 10. Watu wanatoka London kuja kumtengenezea mtoto wa Tanga somo la Kiswahili! Na sisi tuko kijiweni Zakhem, kila mmoja ana shairi la mapenzi, kila mmoja ni Shaaban Robert mtarajiwa, na ukisema unaandika kadi za chekechea unachekwa eti umeishiwa. Njia ilishaonyeshwa hapa hapa nyumbani: Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 ulifundisha waandishi na wachoraji, na ulinunua nakala ukazipeleka shuleni. Hivi hizo riwaya zetu tunamwandikia nani, kama msomaji wetu anaishia kwenye epo?

Wachoraji, nawahitaji, mimi mkono wangu ni wa mbuzi na pipa tu. Kadi 60 za kwanza ziko tayari. Iliyonisumbua ni ng'. Ng'ombe kila mtu anamweka. Nikaweka king'amuzi, watoto wakapiga kelele kwa furaha, kila nyumba ipo. Bado nilitaka la tatu. Bibi mmoja muuza samaki akanisikia nahangaika, akasema: "Weka ng'onda." Watoto wote 11 wamewahi kumla samaki mkavu aliyepasuliwa akaanikwa juani, hakuna hata mmoja aliyejua jina lake. Nimeichora jana. Inafanana kidogo na ndala, lakini nitairudia.