Meza moja, lugha tatu

Mwezi huu nawasimulia ya mezani kwangu hapa Petersham, mtaa wa Sydney unaojulikana kwa mikahawa ya Wareno na vikeki vyao vya mayai.

Binti yangu ana miaka saba. Kiswahili anakisikia na anakijibu, ila kusoma na kuandika amefundishwa kwa Kiingereza tu. Mama yangu yuko Tanga, masikio yamechoka, simu haimfai tena. Kilichobaki ni ujumbe wa maandishi. Siku moja binti akamwandikia mwenyewe: "Beebee nakoopenda." Mama akaniandikia: huyu Beebee ni nani, na anataka nini? Nilicheka, kisha usiku nikakosa usingizi.

Jirani yangu Mbrazili ana mtoto wa umri huohuo, na lake lilikuwa gumu zaidi. Kwa Kireno vovó ni bibi na vovô ni babu, tofauti ni kialama juu ya herufi. Mwanawe haweki alama yoyote, basi huko kwao wazee wawili wanagombania kila ujumbe.

Tukaanza kukaa pamoja Jumamosi, nusu saa tu, zaidi ya hapo watoto hukimbia. Nikatoa ba, be, bi, bo, bu niliyosomea utotoni. Jirani akashika kichwa: naye alianza kusoma hivyohivyo!

Raha ilikuja walipogundua maneno. Meza ni mesa, kopo ni copo, bendera ni bandeira, leso ni lenço. Nikawaambia Vasco da Gama alifika pwani yetu 1498, Wareno wakajenga Fort Jesus kule Mombasa, mwisho wakaondoka maneno yakabaki. (Gereza nililiruka. Kueleza jinsi igreja, yaani kanisa, lilivyozaa jina la jela kunahitaji chai nyingi.) Binti alipoona mesa inaandikwa kwa s na kusomwa kwa z, akasema Kireno kinadanganya. Jirani akamuuliza, "Na Kiingereza je?"

Mume wangu alihofu lugha tatu zitamvuruga mtoto. Kweli, kwa wiki kadhaa aliandika nh pale tunapoandika ny, kama Kireno. Sikumgombeza, nilimwacha asome kwa sauti mpaka akajisahihisha. Kinachomsumbua bado ni ng' ya ng'ombe, na ile m inayosimama peke yake bila irabu.

Jumamosi iliyopita alimwandikia bibi yake: "Bibi leo nimekula ugali." Jibu likaja upesi: "Kwa mboga gani?" Akanigeukia. Nikamwambia ajaribu mwenyewe. Akaandika, akafuta, akaandika tena: "Umchicha."

Mama akajibu, "Na mimi pia."