Mlango wa Kiswahili, Kufuli la Kiingereza

Majina ya huduma za simu nchini Kenya yakipangwa kwa mfululizo, mpenzi wa Kiswahili hupata sababu ya kutabasamu. M-Pesa ilizinduliwa mwezi wa Machi mwaka wa 2007. Baadaye zikaja M-Shwari mwaka wa 2012, Fuliza mwaka wa 2019 na Lipa Mdogo Mdogo mwaka wa 2020, mbali na Sambaza, Bonga na Okoa Jahazi. Nje ya kampuni hiyo moja ipo M-Kopa, iliyoanza kwa kuuza mitambo ya umeme wa jua kwa mkopo kabla ya kuingia katika biashara ya simu. Kitenzi 'fuliza', ambacho wanafunzi wengi walikuwa wakikikuta kamusini tu, leo kinatamkwa na mama mboga, na kondakta wa matatu, na mwalimu anayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Waliochagua majina hayo walijua vyema kwamba moyo wa mnunuzi wa Kenya hufunguliwa kwa Kiswahili.

Hata hivyo, mlango huo wa Kiswahili umetiwa kufuli la Kiingereza. Mteja huitwa kwa Kiswahili, hubembelezwa kwa Kiswahili, na hata kudaiwa hudaiwa kwa Kiswahili. Ni pale anapotakiwa kufunga mkataba ndipo lugha inapobadilika ghafla. Masharti yanayoeleza ni taarifa gani zitakazochukuliwa kutoka katika simu yake, nani atakayezisoma na zitahifadhiwa kwa muda gani, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ukurasa baada ya ukurasa, na mwisho wake pana kitufe kimoja cha kukubali. Akikibonyeza, huhesabiwa kuwa ameridhia yote. Ridhaa ya namna hiyo si ridhaa, na kuirekebisha ni kazi ya wasomi wa Kiswahili kabla ya kuwa kazi ya mafundi wa kompyuta.

Jambo hili hubainika zaidi likitazamwa kutoka mahali kama Bahati, eneo la Kaunti ya Nakuru lililo kando ya barabara itokayo jijini Nakuru kuelekea Subukia na Nyahururu. Wakazi wa Dundori, Kabatini, Kiamaina na Lanet Umoja ni mchanganyiko wa jamii nyingi. Nyumbani kila familia ina lugha yake. Sokoni, ndani ya matatu na mbele ya dirisha la wakala wa pesa, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Mkulima wa viazi hulipwa kwa simu, mwuza maziwa huweka akiba kwa simu, mwendesha bodaboda hukopa pesa za mafuta kwa simu. Kifaa hicho ndicho mfuko wao, daftari lao la madeni, sanduku lao la barua na hifadhi ya picha za watoto wao. Anayeruhusiwa kukipekua ameruhusiwa kupekua nyumba nzima.

Wapo wanaodai kwamba faragha ni jambo la watu wa magorofa ya Nairobi, na kwamba mtu wa kijijini, ambaye majirani wanajua hata idadi ya kuku wake, hana cha kuficha. Dai hili linachanganya maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga tangu zamani. Siri ni neno au jambo lililofichwa. Faragha ni hali ya mtu kuwa na uwezo wa kuchagua nani amkaribie, lini, na kwa kiasi gani. Mtu anaweza kuwa hana siri hata moja, na bado akataka mgeni apige hodi. Desturi ya hodi haikubuniwa kwa ajili ya wenye mambo ya aibu. Ilibuniwa kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kujibu 'karibu', na pia ana haki ya kunyamaza. Programu inayosoma majina ya jamaa na marafiki wote waliomo katika simu kwa idhini ambayo mwenyewe hakuielewa ni sawa na mgeni anayepiga hodi kwa lugha asiyoijua mwenyeji, kisha akachukulia kimya chake kuwa makaribisho.

Ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaijali faragha haupo mbali. Katika miaka ya mwanzo ya M-Pesa, mteja aliandikwa katika daftari kubwa la wakala: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi cha pesa, kisha akatia sahihi. Aliyemfuata kwenye foleni angeweza kusoma mistari ya waliomtangulia. Lakini mteja huyohuyo, alipofika mahali pa kuandika nambari ya siri, aligeuka pembeni na kuifunika simu kwa kiganja. Hakuhitaji semina. Alikuwa ameambiwa kwa maneno mafupi anayoyajua kwamba nambari hiyo ni ya siri, naye akaelewa. Onyo lililomfikia kwa lugha yake alilitii. Hatari zilizoandikwa kwa lugha nyingine zilimpita.

Madhara ya pengo hilo yalionekana waziwazi katika biashara ya mikopo ya simu. Mkulima anayehitaji pesa kidogo za mbolea alipakua programu, akaulizwa iwapo anairuhusu ifikie orodha ya watu aliowahifadhi na ujumbe wake mfupi, akabonyeza, akapata mkopo kwa dakika chache. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa matanga yaliwafikia hata wasioila karamu ya harusi. Alipochelewa kulipa, simu zilipigwa kwa mama mkwe, kwa mchungaji na kwa mwajiri, wote wakitangaziwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Malalamiko ya aina hii yalienea nchini kiasi kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwezi wa Machi mwaka wa 2022 ziliwakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho na matusi, na kuwapigia watu waliomo katika simu ya mkopaji kwa nia ya kumwaibisha. Mwaka wa 2023 Google nayo ilizizuia programu za mikopo zilizomo katika duka lake kufikia orodha za majina na picha za wateja. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000.

Hatua hizo ni za kupongezwa. Ila zote zilifika baada ya watu kuaibishwa, na faini inayolipwa Nairobi hairudishi heshima ya mtu aliyekwisha kuvunjiwa jina mbele ya wakwe. Kinga ya kweli ingekuwa pale mwanzo, kabla ya kitufe kubonyezwa.

Sheria ya Kenya yenyewe inaelekea upande huo. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, isiyo na utata, ya hiari, mahususi, na itolewe na mtu aliyearifiwa. Nayo Ibara ya 7 inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Vifungu hivi vikisomwa kwa pamoja, swali hujitokeza lenyewe: mtu anawezaje kuhesabiwa kuwa amearifiwa kwa lugha asiyoweza kuisoma, ilhali lugha ya taifa anayoielewa ipo na ndiyo iliyotumiwa kumvutia?

Mahakama imekwisha kuonyesha kwamba kusema ndiyo peke yake hakutoshi. Mwaka wa 2023 Wakenya wengi, hasa jijini Nairobi, walipanga foleni ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali zilizokadiriwa kuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi wa Agosti mwaka huo. Mwezi wa Mei mwaka wa 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo za maumbile zifutwe, na mojawapo ya kasoro zilizozingatiwa ni ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha malipo. Ikiwa pesa zinaweza kuitia ridhaa dosari, lugha isiyoeleweka nayo inaweza.

Suala haliishii kwenye taarifa za mtu. Linagusa hata maana ya kununua. Chini ya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo wa mwaka wa 2020, mteja alitoa arbuni ya shilingi 1,000, kisha akalipa shilingi 20 kila siku. Wengi waliokuwa hawajawahi kumiliki simu ya kisasa waliipata kwa njia hiyo, na hilo si jambo dogo. Lakini simu za mpango wa aina hiyo hufungwa kutoka mbali mteja akikosa kulipa. Aliyenunua jembe katika duka la Bahati analimiliki jembe hilo mpini na chuma. Aliyechukua simu hiyo anashika kifaa ambacho ufunguo wake uko kwa mwingine hadi deni liishe. Ndivyo ilivyo pia kwa muziki, michezo na vitabu vingi vya mtandaoni: kinachouzwa mara nyingi ni ruhusa ya kutumia, nayo inaweza kuondolewa. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kina kununua, kukopa, kukodi, kuazima na kuweka rehani, na kila kitenzi kina wajibu wake unaojulikana na mzee asiyewahi kuketi darasani. Mkataba wa haki ungetaja kitenzi kinachostahili. Kuandika 'nunua' mahali palipostahili 'kodi' ni kosa la lugha, na pia ni kosa dhidi ya mnunuzi.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba hata wanaokijua Kiingereza vizuri hawayasomi masharti hayo. Ni kweli. Lakini aliye na ufunguo akaamua kutoufungua mlango hayuko sawa na aliyenyimwa ufunguo. Tena kijijini si lazima kila mtu asome. Akisoma mmoja, mwalimu au kijana wa kidato cha nne, habari huenea kanisani, chamani na kwenye foleni ya maziwa, mradi imeandikwa kwa lugha inayoweza kusimuliwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linawahusu wasomaji wa jarida kama hili. Inasemwa kwamba masharti hayo yakitafsiriwa yatakuwa mazito vilevile, kwa kuwa Kiswahili cha wataalamu hakieleweki sokoni. Hapa wanaisimu hawana budi kujikosoa. Miaka mingi imetumika kubishana kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta, wakati mwananchi alikuwa amekwisha kuchagua. Istilahi kama 'mdhibiti wa data' zinahitajika katika vitabu vya sheria, na Tanzania imepiga hatua ya kuigwa kwa Sheria yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka wa 2022 na Tume iliyoundwa chini yake. Hata kabla ya hapo, programu ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka wa 2004, ilikuwa imethibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuongoza kazi za kompyuta. Lakini mkulima wa Dundori hahitaji istilahi ili aelewe sentensi hii: 'Ukikubali, tutayasoma majina na nambari za watu wote uliowahifadhi katika simu hii.' Hapo hapana neno jipya hata moja. Kilichokosekana ni nia ya kuliandika.

Basi kazi ipo, na haihitaji kusubiri ufadhili mkubwa. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuyachukua masharti ya huduma zinazotumiwa zaidi na kuandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila huduma, wenye majibu ya maswali matano: Kitachukuliwa nini? Atakiona nani? Kitakaa muda gani? Anayekataa atakosa nini? Anayetaka taarifa zake zifutwe amwendee nani? Wanafunzi wa Egerton kule Njoro na wale wa Kabarak hawako mbali na Bahati. Wanaweza kuupeleka ukurasa huo sokoni, wakamsomea mwuza viazi, kisha wakamwomba aueleze kwa maneno yake. Pale atakapokwama ndipo tafsiri ilipokosea, na ndipo itakaporekebishwa. Huo ni utafiti wa tafsiri ulio bora kuliko tasnifu nyingi zinazozeeka kwenye rafu za maktaba. Wahadhiri nao wanaweza kuipima kazi hiyo na kuitunukia alama, kama wanavyofanya kwa tafsiri za tamthilia.

Kwa upande wao, Kamishna wa Kulinda Data na Benki Kuu wanaweza kudai jambo moja jepesi: kampuni inayotangaza bidhaa yake kwa Kiswahili iweke pia masharti yake kwa Kiswahili, mahali palepale, kabla ya kitufe cha kukubali. Kampuni zilizopata fedha za kumlipa mbunifu wa jina tamu haziwezi kusema zimekosa fedha za kumlipa mfasiri.

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO iitenge siku hiyo mwaka wa 2021, hotuba nyingi hutolewa kuhusu ukuu wa Kiswahili. Zinapotolewa, inafaa waandalizi waulize pia kama mwananchi anaweza kukitumia Kiswahili hicho kukataa. Wafanyabiashara wamekwisha kumfundisha kusema 'nakubali'. Neno 'sikubali' nalo lina haki ya kupewa kitufe chake, pamoja na maelezo ya kutosha ya kumwezesha kuchagua kati ya hayo mawili.